Somo la Bei ya Ng'ambo

Sauti ilikuwa yake. Nuriat aliitambua kabla hajayasikia maneno vizuri, kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwa kikohozi. Alikuwa amesimama dukani, Miembeni, anasubiri kupimiwa sukari, na vijana waliokaa kwenye benchi la nje walikuwa wameinamia simu moja.

"Kahawa haina uraia," sauti ilisema. "Inakwenda inakolipwa. Mkulima wa Muleba akiona ng'ambo ya mpaka bei ni mara moja na nusu ya bei ya hapa, ukimwambia asivushe unamwambia akubali kuwa maskini ili wengine wapate."

Hapo ilikatika. Vijana wakacheka, mmoja akairudisha mwanzo.

"Mama huyu anajiamini," alisema mwenye simu. "Chuo kizima kinafundishwa magendo."

Mwenye duka, aliyemjua Nuriat tangu alipoletwa mtaani akiwa bibi harusi, aliendelea kupima sukari bila kuinua macho. Alipompa mfuko hakumwuliza hali ya mama mkwe wake kama alivyozoea. Alisema tu, "Chenji yako hiyo, mwalimu," kisha akageukia rafu ambayo haikuwa na kitu cha kupangwa.

Nuriat alikuwa mhadhiri wa uchumi wa kimataifa na mahusiano ya kibiashara katika chuo kimoja hapo mjini Bukoba. Maneno yale aliyasema kweli, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, alipokuwa akieleza kwa nini bidhaa huvuka mipaka hata pale serikali zisipotaka. Lakini alikuwa ameendelea kusema, na huko alikoendelea hakukuwamo kwenye simu ya wale vijana. Alitembea kwenda nyumbani akijaribu kukumbuka hasa alisema nini baada ya pale, na kadiri alivyojaribu ndivyo alivyozidi kuisikia ile sehemu ya mwanzo peke yake.

Alimkuta mumewe, Riyadhi, amekaa kibarazani na viatu vyake vya kazi, hajavivua.

"Umeshaisikia," alisema Riyadhi. Hakuwa anauliza.

"Imekatwa. Sikuishia pale."

"Najua hukuishia pale. Nani mwingine anajua?"

Riyadhi alikuwa wakala wa forodha. Aliajiriwa na kampuni ndogo iliyowashughulikia wafanyabiashara hati za kuvushia mizigo pale Mutukula, mpakani na Uganda, na kazi ya namna hiyo husimama juu ya jambo moja tu: kuaminiwa na watu wa mpakani. Nuriat hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa bado ameshika mfuko wa sukari pale simu yake ilipoita kwa namba ngeni.

"Mwalimu Nuriat Bashiri?"

"Ndiye."

"Napiga kutoka kituo cha polisi, Muleba. Usiogope."

Mtu wa polisi akikutangulizia kwamba usiogope, ni kwamba kipo cha kuogopa.

"Tunaye mtu hapa anaitwa Buberwa," sauti iliendelea, kwa upole wa mtu aliyezoea. "Amekamatwa na magunia ya kahawa kwenye gari lililokuwa linaelekea mpakani. Dereva alikimbia. Huyu tulipomhoji alitufungulia sauti yako kwenye simu, akasema hata mwalimu wa chuo kikuu ameruhusu. Tutahitaji maelezo yako."

"Mimi simfahamu."

"Yeye anakufahamu, mama. Wiki hii hii, tafadhali."

*

Kesho yake mlinzi wa geti la chuo alimwomba kitambulisho. Mlinzi yule yule aliyekuwa akimbebea mikoba siku za mvua. Alikitazama mbele, akakigeuza nyuma, akakisoma kama barua. Katika chumba cha walimu, wenzake walikuwa wanazungumza. Alipoingia mmoja alikumbuka ana kipindi, mwingine akakumbuka ana mgeni.

Dokta Mushumbusi, mkuu wa idara, alimpokea kwa kusimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alifunga mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye kupenda mashairi ya harusi na suti za rangi ya ugoro, na siku hiyo kola ya shati lake ilikuwa imeloa jasho.

"Nimepigiwa simu na watu ambao sikutegemea wana namba yangu," alisema. "Madam Nuriat, mimi nastaafu mwakani. Nataka nistaafu."

Alisukuma karatasi moja mezani. Ilikuwa imeshapigwa chapa, na mahali pa saini palikuwa pamewekewa nukta nukta. Nuriat aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba sauti inayosambaa si yake, kwamba imetengenezwa kwa akili mnemba na watu wenye nia ya kukichafua chuo, na kwamba hajapata kutamka maneno hayo popote.

"Siku hizi kompyuta inaweza kumfanya marehemu ahutubie," alisema Mushumbusi. "Hakuna atakayeshangaa. Unatia saini, chuo kinatoa taarifa, yanakwisha."

"Na huyo aliyeitengeneza?"

"Atatafutwa."

"Hakuna aliyeitengeneza, Dokta. Nilisema mimi."

Mushumbusi aliinuka, akalifunga dirisha, akarudi kukaa. "Hayo uliyosema sasa hivi sijayasikia," alisema taratibu. "Una mpaka Ijumaa. Nakuomba kama mdogo wangu, usinifanye niyasikie."

Nje, kwenye korido, alimkuta msichana amesimama na mkoba kifuani. Aliitwa Oliva, mwanafunzi wake wa mwaka wa pili, mtoto wa wakulima wa Ngenge, mkimya, mwenye kukaa safu ya tatu na kuandika kila kitu.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Nilirekodi kipindi chote kwa ajili ya mwenzangu aliyekuwa anaumwa. Nilimtumia yeye tu. Sijui kimetoka kwa nani na nani amekikata. Wanasema watamtafuta aliyefanya. Mwalimu, nyumbani wameuza ng'ombe ili nije hapa."

"Bado unacho chote?"

"Ninacho. Nikifute?"

Nuriat alilitaka hilo neno. Lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi: kifute. Kikifutwa, hata yeye mwenyewe angeweza siku moja kuanza kuamini kwamba hakuyasema. Walinzi wawili walipita mwisho wa korido na wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, walinyamaza mpaka nyayo zilipopotea.

"Nitumie mimi," alisema. "Usimtumie mtu mwingine. Na usisimame tena hapa."

*

Jioni ile Riyadhi alirudi bila kitambulisho chake cha mpakani. Alieleza akiwa anakunywa chai, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za mtu wa mtaa wa pili. Bosi wake alimwambia apumzike kidogo, upepo upite. Kitambulisho akiache mezani.

"Kasema 'kidogo'," alisema Bi Zabibu, mama yake Riyadhi, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. "Basi ni kidogo."

"Mama, watu hawaachi vitambulisho mezani kwa ajili ya kidogo." Riyadhi alimgeukia mkewe. "Ile karatasi uliyonitajia kwenye simu inasema nini?"

Nuriat alimweleza. Riyadhi alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa midomo.

"Tia saini, Mama Salma."

"Ni uongo, Riyadhi."

"Ni karatasi. Mimi nashinda na karatasi kutwa. Nusu yake ni uongo na malori yanapita." Alisema bila hasira. "Leo Salma kaitwa mtoto wa magendo shuleni. Hakukwambia wewe, kaniambia mimi. Nifanye nini mimi, niende nikawasomee watoto wa darasa la nne nadharia ya bei?"

"Tia saini, mwanangu," alisema Bi Zabibu, na mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. "Mimi sitakuficha, naogopa. Tangu jana kila pikipiki ikisimama hapo nje nasema wamefika."

Kabla Nuriat hajajibu, pikipiki ilisimama nje. Wote watatu waliisikia. Salma, aliyekuwa akiandika kazi za shule chini kwenye mkeka, aliisikia pia, akaweka kalamu.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kitenge chake kimejaa vumbi la safari, na kichwani ana mkungu wa ndizi. Aliutua mlangoni, akapiga goti kidogo kusalimia, akakataa kiti na kukaa kwenye mkeka karibu na mtoto. Kisha akatoa katika mfuko wake kikapu kidogo kilichosukwa kwa majani ya mgomba, akakiweka mbele ya Bi Zabibu kwa mikono miwili. Kilikuwa na akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna ambazo Mhaya hawezi kuingia nyumba ya watu bila kuzipeleka.

Riyadhi alikitazama kile kikapu kama mtu aliyewekewa nyoka sebuleni.

"Mimi naitwa Petronila," alisema mgeni. "Mke wa Buberwa, wa Muleba."

Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Petronila akaendelea.

"Sikuja kulaumu, waitu, ndugu zangu. Mume wangu ni mwoga tangu nimjue. Majirani walivusha msimu uliopita na uliotangulia, wakaezeka nyumba. Yeye akapeleka yake chama cha msingi cha ushirika, akasubiri malipo. Safari hii kaletewa hiyo sauti. Akaisikiliza shambani, akaisikiliza akila, mpaka nikachoka nayo. Akasema, 'Petronila, huyu kasoma. Mtu aliyesoma hawezi kusema jambo la kumfunga mtu.' Ndipo akapakia."

Nuriat aliangalia mikono yake mwenyewe.

"La kahawa tunalijua," alisema Petronila. "Kakosa, tutalibeba. Lakini leo pale kituoni nimeambiwa lipo la pili. Wanasema wamesikia kwamba ile sauti si ya mtu, ni ya kutengeneza. Na kama ni ya kutengeneza, Buberwa kaisambaza kuwadanganya wakulima. Hilo hatulijui, na nimeambiwa ndilo kubwa kuliko la kahawa. Kwa hiyo nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu, mwalimu. Ile sauti ni yako au si yako?"

Chumba kizima kilimtazama Nuriat. Alimwona mumewe akitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kutoonekana. Akaona kola ya Mushumbusi iliyoloa. Akajiona yeye mwenyewe nyuma ya kaunta ya polisi, viatu mkononi.

"Mambo hayo yako chuoni, mama," alisema. "Siwezi kuyazungumza hapa."

Petronila alijishika goti, akainuka.

"Basi ni ya mtu mwingine," alisema, bila ukali wowote. "Yule wa kwenye simu hakuwa na woga."

Akaaga kila mmoja kwa zamu yake, hata mtoto. Ndizi na kikapu akaviacha.

"Vitolewe humu ndani," alisema Riyadhi pikipiki ilipoondoka. "Katika nyumba hii, wiki hii, kahawa?"

Bi Zabibu alichukua punje moja ya akamwani, akaitia mdomoni. "Mgeni kaleta," alisema, akaitafuna huku machozi yakimtoka.

*

Nuriat alijifungia chumbani akaifungulia ile rekodi ya Oliva. Ilikuwa ndefu. Alisikia viti vikiburuzwa, akasikia mtu akipiga chafya, akajisikia yeye mwenyewe akitania kuhusu spika iliyoharibika. Kisha yakaja maneno ya kahawa, na baada yake kimya kifupi, kama alivyozoea kuwaachia wanafunzi waandike. Pale ndipo mkasi ulipopita.

"Sasa nisikilizeni vizuri," sauti yake iliendelea. "Sijasema avushe. Nimesema bei inamvuta. Sheria ipo, na atakayevunja atashikwa, na nitawaambia atashikwa nani. Mwenye gari hashikwi. Mnunuzi wa ng'ambo hashikwi. Atashikwa mkulima, kwa sababu yeye ndiye anayekaa juu ya magunia. Nchi inayotaka kahawa isivuke irekebishe bei na iharakishe malipo. Ikiachia askari peke yao kazi hiyo, itajaza mahabusu watu wenye njaa."

Alizima. Alikuwa amemtaja Buberwa darasani kabla hajamjua jina.

Asubuhi alivaa gauni lake la kufundishia na mtandio wa kijani, akaweka dawa ya meno na kanga ya kubadili kwenye mkoba, maana hakujua kama angerudi. Alipotoka alimkuta Riyadhi amekaa ndani ya gari lao dogo, injini inawaka.

"Sikubaliani na wewe," alisema Riyadhi, akiangalia mbele. "Nataka ulijue hilo. Lakini huendi Muleba peke yako."

Hawakuzungumza mpaka Kemondo, na baada ya Kemondo hawakuzungumza pia. Mara moja tu, gari la polisi lilipowapita likienda kasi, Riyadhi alimshika mkono bila kumtazama, akauachia lilipopotea kwenye kona.

*

Mpelelezi aliyempokea alikuwa kijana nadhifu, aliyeandika polepole kwa mwandiko mzuri. Alimsikiliza Nuriat, akasikiliza rekodi yote kwa sauti ya juu, mlango ukiwa wazi, kalamu mezani.

"Nani alirekodi?"

"Mwanafunzi wangu, ili ajifunze. Nawaruhusu."

"Jina lake?"

"Kosa lake ni lipi, afande?"

Kijana alimtazama kidogo, akaliruka swali. "Kwa hiyo sauti si ya kutengeneza."

"Ni yangu. Imekatwa, lakini ni yangu."

"Kutoka chuoni kwenu tumesikia vingine."

"Waliokwambia hawakuwamo darasani."

"Mama, nikikuandikia hivi, halafu wakubwa wako wakasema vile, mwongo ni nani?"

Nuriat alijua jibu, na alijua kwamba hakuulizwa ili ajibu. Alitamani Riyadhi awe karibu, lakini Riyadhi aliachwa nje kwenye benchi.

"Andika tu, afande," alisema.

Alipopewa kalamu atie saini, mkono ulimtetemeka hata kilichotoka hakikufanana na saini yake. Mpelelezi alilinganisha na kitambulisho, akatikisa kichwa, akamwambia arudie. Akarudia. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Askari mmoja mlangoni alicheka kwa pua. Mara ya tatu Nuriat alikishika kiwiko chake kwa mkono wa pili, kama mtoto anayefundishwa kuandika, na ile ikakubaliwa.

Wakati anatoka walimleta Buberwa kaunta. Alikuwa mtu mfupi, peku, suruali ameishikilia kwa mkono kwa sababu mkanda walikuwa wameuchukua. Mahabusu ilikuwa ukuta mmoja tu kutoka kwenye chumba kile cha maelezo.

"Ndiye wewe?" aliuliza. "Nilidhani ni mtu mkubwa."

Nuriat alimsogelea hatua moja.

"Kumbe yalikuwapo na maneno mengine," alisema Buberwa. Hakuwa anamshukuru wala hakuwa anamtukana. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ambayo muda wake umekwisha pita. "Nimeyasikia sasa hivi, huko ndani. Kama ningeyasikia yale kwanza..." Hakumalizia. Askari alimgusa bega, akageuka, suruali mkononi.

*

Kosa la pili, lile la sauti, liliondolewa. La kahawa lilibaki, na Buberwa alitoka kwa dhamana ya shemeji zake, kesi ikaendelea kutajwa na kuahirishwa. Mwenye gari hakupatikana. Riyadhi hakuitwa tena mpakani. "Kidogo" ya bosi ilikuwa kama alivyoijua yeye. Alifungua kimeza kwenye duka la binamu yake hapo Miembeni, akawa anawajazia watu maombi ya leseni na ya namba za mlipakodi. Jioni alirudi mapema kuliko zamani, akamsaidia Salma hesabu, na maneno yake yalipungua.

Chuoni walimwandikia Nuriat onyo kali. Walitaka kumnyang'anya somo, lakini hakukuwa na mwingine wa kulifundisha, na mitihani ilikuwa inakaribia. Wakamwachia kwa sharti moja: kila kipindi chake mtu wa idara akae darasani.

Mtu huyo alikuwa Mushumbusi mwenyewe. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na daftari jipya gotini. Mara ya kwanza Nuriat aliwafundisha habari za Uingereza na Ureno, nguo na divai, mfano uliomo katika kila kitabu na ambao haujapata kumfunga mtu. Wanafunzi waliandika. Oliva alikuwa amehamia safu ya nyuma kabisa, haandiki kitu. Kipindi kilikwisha salama, na Nuriat alikwenda chooni akatapika.

Mara ya pili alianza tena na Ureno. Hakuwa amefika mbali kijana mmoja alipoinua mkono. Alikuwa mtoto wa wauza dagaa kutoka visiwani, mwenye sauti ya kuzoea kusemea kwenye upepo.

"Mwalimu, divai sisi hatuijui," alisema. "Tupe mfano wa hapa."

Nyuma, Mushumbusi aliacha kugeuza kalamu. Nuriat alimtazama, na yule mzee akamtazama yeye, na usoni mwake hapakuwa na kitisho chochote. Palikuwa na ombi. Alikuwa akimwomba, kwa macho, kama alivyomwomba siku ile ofisini, kwamba asimfanye asikie.

Nuriat aligeukia ubao. Alijua alichokuwa anakifanya, na alijua kwamba nyumbani hakuna aliyemtuma. Chaki ilimkatika mara ya kwanza. Aliokota kipande, akaandika neno moja, kisha akageuka.

"Haya," alisema. "Tuchukue kahawa."

Akaanza kueleza, kutoka mwanzo, bei ya hapa na bei ya kule, nani anavuta, nani anavutwa, nani anashikwa. Safari hii hakuwaachia kimya cha kuandika. Sentensi moja aliifunga kwenye nyingine ili isipatikane pa kupitishia mkasi. Sauti ilimtetemeka tangu neno la kwanza, na wote waliisikia ikitetemeka, na haikuacha kutetemeka mpaka alipofika mwisho wa somo.